Kanda Ziko Kabatini, Faili Liko Wapi?

Februari 2002 Laura Zubulake, muuzaji mwandamizi wa hisa aliyekuwa ameachishwa kazi na benki ya UBS Warburg nchini Marekani, alikwenda mahakamani kuishtaki benki hiyo kwa ubaguzi wa kijinsia. Sehemu kubwa ya ushahidi ilikuwa ndani ya barua pepe za wakubwa wake. Benki ilitoa kurasa 100 hivi za barua hizo. Zubulake mwenyewe alikuwa ametunza kurasa 450. Nyingine, kama bado zilikuwepo, zilikuwa kwenye kanda za nakala rudufu, zile zinazoandikwa usiku watu wakiwa wamelala na kuishia kabatini. Benki ilisema kuzitafuta humo ni ghali mno.

Wanasheria huikumbuka kesi hii kwa maamuzi ya Jaji Shira Scheindlin kuhusu nani alipie gharama za kutafuta ushahidi uliomo kwenye kompyuta. Sisi wa vyumba vya seva tuna sababu yetu ya kuisoma. Benki hiyo hiyo, miaka hiyo hiyo, ilikuwa na mipangilio miwili ya kuhifadhi barua. Barua ambazo madalali waliosajiliwa waliandikiana na watu wa nje ya benki zilitunzwa kwenye diski za leza, na mtu aliweza kuzitafuta kwa jina la mwandishi, la mwandikiwa au kwa tarehe. Barua nyingine zote zilikuwa ndani ya picha nzima za seva zilizonakiliwa kwenye kanda: za kila usiku zikakaa siku 20 za kazi, za kila wiki mwaka mmoja, za kila mwezi miaka 3. Mahakama iliambiwa kuwa kurejesha kanda moja kunachukua kama siku 5.

Kanda zilizohusika zilikuwa 77. Jaji akaamuru zifunguliwe 5 kwanza kama sampuli. Hizo 5 peke yake ziligharimu dola 11,524.63 kuzirejesha na kuzipekua, kabla mwanasheria hajaanza kusoma hata barua moja, na zikatoa barua 600 hivi zilizohusiana na kesi. Kwa 72 zilizobaki makadirio yalikuwa dola 165,954.67. Baadaye ikabainika kuwa baadhi ya kanda hazionekani kabisa. Aprili 2005 baraza la mahakama, likiwa limeruhusiwa kuchukulia kwamba barua zilizopotea zingeiumiza benki, lilimpa Zubulake takriban dola milioni 29.3.

Utaratibu ule wa usiku, wiki na mwezi haukuwa wa kijinga. Ndio mzunguko wa babu, baba na mwana ambao kila fundi wa kompyuta amefundishwa, na unajibu vizuri swali moja: seva ikiungua leo, tutairudishaje kama ilivyokuwa jana? Mahakama haikuuliza hilo. Iliuliza fulani alimwandikia nini fulani mwezi fulani. Mkaguzi wa hesabu naye huuliza hivyo. Mteja anayebisha kuhusu mkopo wa miaka 6 iliyopita huuliza hivyo. Data ya zamani haiulizwi kwa seva nzima, huulizwa kwa jina la mtu, aina ya waraka na tarehe. Ofisi nyingi ninazozifahamu zimepanga kanda zao kwa ajili ya swali la kwanza na zinaamini zimejiandaa kwa yote mawili.

Atauliza mtu, kwani bado kuna kanda? Zipo, na sababu zake zina nguvu. Mwishoni mwa Februari 2011 hitilafu ya programu iliwaacha watumiaji wa Gmail wapatao asilimia 0.02 na visanduku vitupu vya barua. Google ilikuwa na nakala kadhaa katika vituo mbalimbali, na hitilafu ikazigusa. Kilichowaokoa ni kanda, kwa kuwa kanda iliyotolewa kwenye mashine haifikiwi na programu iliyokosea, wala na wahalifu wa siku hizi wanaofunga mafaili ya watu na kudai fidia. Kanda moja ya LTO-9, kizazi cha tisa cha kanda za LTO kilichotoka mwaka 2021, inabeba terabaiti 18 na haili umeme ikiwa rafuni. Tuliache hilo.

Ugumu unatokana na namna kanda inavyosomwa. Aliyewahi kuutafuta wimbo mmoja katikati ya kaseti ya taarabu anajua: huwezi kuufikia bila kupita nyingine, na kaseti yenyewe haikuambii umefika wapi. Kanda ya kompyuta ina nafuu kidogo. Kati ya fungu moja la data na jingine kuna alama, na mashine inaweza kuhesabu alama 12 ikaanza kusoma la 13. Lakini hilo la 13 ni nini? Jina la faili, mwenye nalo na tarehe yake vimo kwenye katalogi, ambayo ni hifadhidata inayokaa kwenye seva ya nakala rudufu. Katalogi ikipotea, kanda zote zinabaki salama na hazisemi kitu.

Zinaweza kusemeshwa, ila kwa gharama. Programu nyingi zinaweza kuijenga upya katalogi kwa kusoma kanda tangu mwanzo hadi mwisho. Bacula, kwa mfano, ina chombo kiitwacho bscan kwa kazi hiyo. Tupige hesabu. Kanda ya LTO-8 iliyojaa ina terabaiti 12, na mashine yake husoma megabaiti 360 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya saa 9 kwa kanda moja bila kusimama. Kabati lenye kanda 40 na mashine moja litakula siku 15 usiku na mchana, na hapo sijaweka umeme kukatika wala mtu wa kubadilisha kanda saa nane za usiku.

Mbaya zaidi ni katalogi inayojifuta yenyewe huku mwenyewe hana habari. Bacula ina mipaka mitatu ya muda: wa mafaili, wa kazi na wa kanda. Isipobadilishwa, mafaili hukaa kwenye katalogi siku 60, kazi siku 180, kanda mwaka mmoja. Maana yake ni kwamba siku ya 61 kanda ipo, data ipo, kazi inaonekana kwenye orodha, ila huwezi tena kuchagua faili moja. Utarejesha fungu zima na kutafuta mwenyewe ndani yake. Waliopanga hivyo walikuwa na hoja, kwani orodha ya mamilioni ya mafaili ilikuwa mzigo kwa diski za zamani. Leo mzigo huo haupo. Kwa kanda unazokusudia kuzitunza miaka, mpaka wa mafaili ulingane na ule wa kanda. Fungua mipangilio uangalie; programu nyingine zina mipaka ya namna hiyo kwa majina mengine.

Mimi nisingeiamini hata katalogi nzuri peke yake. Kila kazi ikiisha, itoe orodha ya maandishi matupu, mstari mmoja kwa faili: jina, ukubwa, tarehe, namba ya kanda, fungu la ngapi. Mafaili milioni 10 kwa herufi 150 kila mstari ni gigabaiti moja na nusu kabla ya kubanwa, yaani si chochote. Orodha hiyo itasomeka kwenye kompyuta yoyote baada ya miaka 20, iwe programu iliyoiandika bado inauzwa au imeshasahauliwa. Nakala yake moja ikae nje ya jengo. Katalogi yenyewe nayo inakiliwe kwenye kanda, iwe ya mwisho kuandikwa, na namba ya kanda hiyo iandikwe kwenye karatasi. Kuihifadhi katalogi ndani ya kanda ambayo ni katalogi pekee inayojua iko wapi ni kichekesho ambacho kimetokea katika ofisi za watu wazima.

Katika hili Amanda, programu iliyoanza Chuo Kikuu cha Maryland mwaka 1991, ina busara ambayo ningependa wengine waige. Mwanzoni mwa kila fungu huandika kilobaiti 32 za maelezo yanayosomeka na binadamu: data hii ni ya mashine gani, ya tarehe gani, na amri kamili ya kuirejesha kwa kutumia vyombo vya kawaida vya Unix. Anayeikuta kanda hiyo bila katalogi, bila Amanda yenyewe, bado anaweza kuanza. Kwa programu isiyofanya hivyo, andika mwenyewe faili dogo la maelezo liwe la kwanza kwenye kanda: programu na toleo lake, ukubwa wa bloku, kama data imebanwa au imesimbwa, na nani aliandika. Ukubwa wa bloku huonekana jambo dogo mpaka siku mashine inapokataa kusoma kanda nzima kwa sababu uliotajwa siyo uliotumika.

Sasa tuje kwenye mpangilio wa data ndani ya kanda, ambako makosa mengi hufanywa kwa nia njema. Mashine ya kanda hupenda kukimbia. Data ikiifikia polepole, husimama, hurudi nyuma, huanza tena, na mwendo huo huichosha kanda na mashine. Dawa ya zamani ni kuchanganya: data za seva 8 huingizwa kwa pamoja, kipande cha hii kipande cha ile, kanda isisimame. Kuandika kunakuwa kwa kasi nzuri. Kurejesha seva moja ndipo unapolipa, maana mashine inapita juu ya vipande vya nyingine saba kukuokotea vyako. Njia iliyo bora ni kukusanya kwanza kwenye diski, kisha kumimina kwenye kanda fungu moja moja kwa utulivu. Diski ya kati ni bei rahisi kuliko siku tatu za kumngojesha mkaguzi.

Nakala za nyongeza, zile zinazochukua yaliyobadilika tu tangu jana, zina mtego wa aina hiyo hiyo. Ili kupata hali ya Alhamisi unahitaji nakala kamili ya Jumapili na nyongeza za kila siku hadi Alhamisi. Kanda moja ya katikati ikipotea, mnyororo umekatika. Kwa kurudisha seva ya juzi mnyororo unafaa. Kwa mambo ya miaka 5 iliyopita usiutegemee. Toa nakala kamili ya mwisho wa mwezi au wa mwaka iliyojitosheleza, uiweke kwenye kundi lake.

Kundi, ndio. Hapa nina msimamo mkali: data zenye umri tofauti zisilale kwenye kanda moja. Sheria za kodi za Kenya na za Tanzania zinataka kumbukumbu za hesabu zitunzwe miaka 5. Picha za kamera za getini huenda unazihitaji mwezi mmoja. Ukiziweka pamoja, ama kanda nzima inafungwa miaka 5 pamoja na picha za geti, ama siku moja mtu anaona picha zimeisha muda, anairudisha kanda kwenye mzunguko, na leja inafutwa. Hata NASA yamewakuta. Uchunguzi wao uliomalizika mwaka 2009 ulihitimisha kuwa kanda za asili za safari ya Apollo 11, zenye picha bora kuliko zile ambazo dunia iliziona kwenye televisheni mwaka 1969, kwa uwezekano mkubwa zilifutwa na kutumika tena wakati wa uhaba wa kanda. Hakuna aliyeamua kuifuta historia. Kanda zilihesabiwa tu kuwa za kutumika upya. Tangu LTO-3 zipo kanda zinazoandikwa mara moja tu zisizofutika. Kwa mambo ya kisheria zinastahili bei yake.

Kupanga kwa umri kunasaidia pia katika jambo jipya kwetu. Kenya ina sheria ya kulinda data binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na mwananchi anaweza kudai taarifa zake zifutwe. Kwenye kanda huwezi kumtoa mtu mmoja katikati ukawaacha wengine. Kinachowezekana ni kulisimba kila kundi kwa ufunguo wake na kuuharibu ufunguo huo muda wa kundi unapokwisha, na kuwa na orodha ya waliofutwa ambayo hupitishwa tena kila unaporejesha kanda ya zamani, wasije wakafufuka kwenye mfumo.

Kuhusu lebo nitasema machache. Kanda za LTO huwa na msimbopau wenye herufi nane: sita za namba na mbili za mwisho kuonyesha kizazi, kama L8. Usijaribu kuzibebesha zile sita hadithi nzima ya idara, siku na tawi. Idara hubadilishwa majina na matawi hufungwa. Namba iwe namba, maana yake ikae kwenye rejista, na isipewe kanda nyingine hata ile ya kwanza ikishatupwa. Kanda iliyoandikwa kwa kalamu “Jumatatu” inafaa ndani ya wiki yake. Ikishakaa kabatini miaka minne, ni Jumatatu ipi?

Kuna rejista inayoandikwa na kuna inayofuatwa. Rejista nzuri inasema kanda iko wapi leo, nani aliichukua, lini, na aina gani ya mashine inaweza kuisoma. Hili la mashine linasahauliwa sana, na ndilo litakalotuumbua miaka michache ijayo. Hadi LTO-7, ya 2015, mashine ilisoma kizazi chake na viwili vya nyuma. LTO-8 ilipokuja 2017 ikasoma kimoja tu cha nyuma. LTO-10 ya 2025 haisomi chochote cha nyuma. Mwenye kanda za LTO-5 anahitaji mashine ya LTO-5, 6 au 7, na akinunua mpya leo kwa furaha ya terabaiti 30, kabati lake la zamani linakuwa mapambo. Kila unapobadilisha mashine, panga na bajeti ya kuhamisha data, au itunze ya zamani ikiwa nzima na ifanyishwe kazi mara kwa mara.

Picha za mwezi zilizopigwa na vyombo vya Lunar Orbiter mwaka 1966 na 1967 ziliponea hapo hapo. Kanda zilikuwepo, kama 1,500, lakini mashine za Ampex FR-900 za kuzisomea zilikuwa karibu kwisha duniani. Nancy Evans wa NASA alikataa kanda ziharibiwe, na mashine chache zilizosalia akazitunza kwenye gereji ya nyumbani kwake miaka mingi. Dennis Wingo na Keith Cowing walizifufua kuanzia 2007, na Novemba 2008 wakatoa picha ya dunia ikichomoza nyuma ya mwezi, iliyo bora kuliko ile iliyochapishwa 1966. Kanda zilizokosa mtu wa namna hiyo hazikuwa na bahati. Mwaka 1999 mwanabiolojia Joseph Miller wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California aliomba data za vyombo vya Viking vilivyotua Mars mwaka 1976. Zilipatikana, lakini muundo wake hapakuwa na aliyeukumbuka, na ikabidi kutegemea karatasi zilizochapishwa na kutunzwa na watafiti wa awali. Ndiyo maana leja ya mfumo wa hesabu isihifadhiwe katika muundo wa mfumo huo pekee. Toa na nakala ya maandishi ya kawaida yenye safu na vichwa vya safu, uweke ubavuni mwake.

Funguo za usimbaji nazo ni sehemu ya kanda, ingawa hazikai ndani yake. Mwaka 2005 Bank of America ilitangaza kupotea kwa kanda zenye taarifa za watumishi wa serikali ya Marekani wapatao milioni 1.2, kwa hiyo kusimba hakuna mjadala. Lakini ufunguo ukikaa kwenye seva ile ile ambayo kanda zimekusudiwa kuiokoa, moto mmoja umemaliza vyote. Rejista itaje jina la ufunguo. Ufunguo wenyewe ukae mahali pawili tofauti, mikononi mwa watu wawili.

Kwa wenzangu wa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja nina neno la ziada. Kanda za kuhifadhiwa muda mrefu zinataka joto la nyuzi 16 hadi 25 na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Hewa ya pwani hupita kiwango hicho karibu mwaka mzima, na ile miaka 30 inayotajwa kwenye matangazo haihusu kabati la stoo lenye dirisha la kuelekea baharini. Chumba kiwe na kiyoyozi kinachofanya kazi na wikiendi. Kanda ikitoka kwenye baridi kwenda kwenye joto isifunguliwe papo hapo. Iache ndani ya kasha lake kwa saa 24 izoee, la sivyo unyevu utaganda juu yake na kuingia kwenye mashine.

Mambo yote haya hayana uthibitisho mpaka yajaribiwe. Pixar walikuwa na nakala za kwenye kanda mwaka 1998, pale amri moja potofu ilipofuta sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2. Walipozigeukia wakakuta hazifai. Filamu iliokolewa na nakala iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi wa kiufundi, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani baada ya kujifungua. Ripoti ya asubuhi inayosema kazi imekamilika inathibitisha kuwa kitu kimeandikwa. Kama kinasomeka, na kama kinapatikana, ni habari nyingine.

Kwa hiyo nakuomba ufanye jaribio moja mwezi huu. Usichague mwenyewe cha kutafuta. Mwombe mhasibu au afisa utumishi akutajie waraka mmoja wa miaka minne au mitano iliyopita, kwa jina na tarehe. Kazi ya kuutafuta mpe kijana ambaye hakuwepo kanda ilipoandikwa, akiwa na rejista na orodha tu, bila kumpigia simu fundi aliyeondoka. Pima saa tangu swali lilipoulizwa hadi faili lilipofunguka kwenye kioo. Andika muda huo kwenye rejista, umwonyeshe anayeidhinisha bajeti yako, kisha urudie robo ijayo kwa waraka mwingine.